Nani ni nani mahakamani: maswali ya ndugu wa mshtakiwa, mlalamikaji na shahidi

Mimi ni msaidizi wa kisheria, na nimekaa sana kwenye mabenchi ya nje ya mahakama za wilaya. Swali ninaloulizwa kuliko yote wala si la vifungu. Ni "nimwone nani?" Watu humfuata karani wakiomba dhamana, humsubiri hakimu mlangoni wakiomba kesi ifutwe, humbembeleza askari magereza ampunguzie ndugu yao mvua, yaani miaka ya kifungo, alizopigwa. Wote hao wana kazi zao, na wana mipaka yao. Ukimwomba mtu kitu kisicho mikononi mwake, siku inapotea, na mara nyingine pesa pia.

Majibu haya yanahusu kesi za jinai Tanzania Bara. Zanzibar ina mahakama zake na sheria zake za mwenendo.

Mjomba wangu kakamatwa jana jioni. Nianzie wapi?

Kituoni. Uliza mambo matatu na uyaandike: anatuhumiwa kwa kosa gani, namba ya jalada, na jina la mpelelezi aliyepewa jalada hilo. Askari wa kaunta anaweza kukujibu la kwanza tu. Mpelelezi ndiye anayekusanya ushahidi na kuchukua maelezo, na mkuu wa kituo ndiye wa kuzungumza naye habari ya dhamana.

Kanuni ni kwamba mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, au apewe dhamana ya polisi kama kosa lenyewe linaruhusu. Muda wa kumhoji una kikomo: ni saa nne tangu awe chini ya ulinzi, na ukiongezwa usizidi saa nane nyingine. Ana haki ya kumjulisha ndugu, rafiki au wakili. Dhamana ya polisi hailipiwi. Ukitajiwa kiasi cha "kumtoa", hiyo ni rushwa, na namba ya bure ya TAKUKURU ni 113.

Kwenye karatasi imeandikwa "Jamhuri dhidi ya" mjomba. Kwani aliyemshtaki si jirani yetu?

Jirani alitoa taarifa tu. Kuanzia mahakama ya wilaya kwenda juu, mwenye kesi ni Jamhuri, na anayesimama kwa niaba yake ni mwendesha mashtaka, siku hizi mara nyingi wakili wa serikali kutoka Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Juu yake yuko Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye wengi humwita DPP, na cheo chake kimo kwenye Katiba, ibara ya 59B. Ndiye mwenye neno la mwisho mtu ashtakiwe au asishtakiwe, kwa kosa gani, na kesi iendelee au iondolewe.

Mahakama ya mwanzo iko tofauti. Kule mlalamikaji mwenyewe ndiye anayeisimamia kesi yake: anatoa ushahidi, anawaleta mashahidi, anamhoji mshtakiwa. Kwa hiyo mlalamikaji wa mahakama ya mwanzo asitegemee kwamba kuna mtu atakuja kumsemea.

Mimi ndiye niliyepigwa. Tumeyamaliza nyumbani. Niende kwa hakimu akaifute?

Hapana. Hakimu hana ruhusa ya kufuta kesi ya Jamhuri kwa sababu wewe umesamehe. Nenda ofisi ya mashtaka ya wilaya, ukaeleze kwa maandishi, nao wataamua. Kwa ugomvi mdogo, shambulio la kawaida kwa mfano, sheria yenyewe inaitaka mahakama ihimize usuluhishi, kwa hiyo hapo mlango uko wazi. Kwa ubakaji au unyang'anyi, usitarajie. Nimeona familia zikipatana kwa ng'ombe na shuka, kisha zikashangaa samansi, yaani wito wa mahakama, inakuja vilevile. Binafsi naona sheria imefanya vizuri, maana mara nyingi anayepatana ni baba, na aliyeumizwa ni binti.

Mlalamikaji ana haki nyingine ambayo watu huisahau, nayo ni fidia. Mahakama ikimtia mtu hatiani inaweza kuamuru akulipe. Mkumbushe mwendesha mashtaka aiombe kabla ya adhabu kutolewa, na uwe na risiti zako za hospitali.

Hakimu mbona hamsaidii mshtakiwa asiye na wakili?

Anamsaidia kwa kiasi. Ni lazima shitaka lisomwe kwa lugha ambayo mshtakiwa anaielewa, aelezwe haki zake katika kila hatua, na apewe nafasi ya kumhoji kila shahidi. Lakini hakimu hawezi kumtafutia utetezi. Akivuka hapo, upande wa pili nao watakuwa na haki ya kulalamika. Mahakama ina deni kwa pande zote mbili: ibara ya 13(6) ya Katiba inadai kila mtu asikilizwe kikamilifu, na inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla ya kuthibitika kwamba ametenda kosa.

Usimfuate hakimu ofisini kuzungumzia kesi, hata kama mnasali kanisa moja au msikiti mmoja. Ukimharibia, atalazimika kujitoa, na kesi itaanza kuzunguka kumtafuta mwingine. Mahakamani mwite Mheshimiwa. Inatosha.

Wazee wa baraza ndio wanaoamua?

Kwetu hakuna baraza la wananchi la kutamka "ana hatia" kama kwenye sinema za Marekani. Wazee wa baraza, yaani raia wanaoketi pamoja na jaji, hutoa maoni. Zamani kesi ya Mahakama Kuu, ya mauaji kwa mfano, haikuweza kusikilizwa bila wao, lakini tangu marekebisho ya 2022 jaji huketi peke yake, na huwaita pale tu anapoona haki inahitaji hivyo.

Ni lazima awe na wakili? Hatuna uwezo.

Si lazima, ila ni vizuri. Kwa kesi ya mauaji mbele ya Mahakama Kuu, mshtakiwa asiye na uwezo hupangiwa wakili anayelipwa na serikali. Kwa makosa mengine, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inampa hakimu au jaji nafasi ya kuagiza mshtakiwa apatiwe msaada pale haki inapohitaji na yeye hana uwezo. Hilo linaombwa. Mshtakiwa asimame aseme, "Mheshimiwa, sina uwezo wa kuweka wakili, naomba msaada wa kisheria," kisha ahakikishe imeandikwa kwenye mwenendo wa kesi.

Nje ya mahakama kuna mashirika yanayotoa huduma hii bure, kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, chama cha wanasheria wanawake TAWLA, na kituo cha msaada wa sheria kwa wanawake WLAC, na kuna kampeni ya serikali ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyozinduliwa 2023, ambayo huzunguka mikoani. Halafu tupo sisi wasaidizi wa kisheria wa kata na vijiji. Tunaelimisha, tunaelekeza, tunasaidia kuandika barua. Hatusimami mahakamani kumtetea mtu. Msaidizi anayekuahidi kwamba atapanda mahakamani kumtetea ndugu yako, muogope.

Nitamjuaje wakili wa kweli na kishoka?

Vishoka huvaa suti kuliko mawakili. Chukua jina lake kamili na namba yake ya uwakili, kisha uangalie kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama ya Tanzania kama yumo na kama leseni yake ya mwaka huu iko hai. Dai risiti. Na akikwambia "hii hela ni ya Mheshimiwa", ondoka.

Dhamana ya mahakamani inatakaje?

Hakimu ndiye anayeitoa na ndiye anayepanga masharti. Kwa kawaida ni wadhamini wawili, wenye barua ya serikali ya mtaa au kijiji na kitambulisho cha NIDA, wanaosaini bondi ya kiasi fulani. Kusaini bondi si kulipa. Ni ahadi kwamba mshtakiwa akitoroka, mdhamini atabeba kiasi hicho. Kwa hiyo shangazi asije tu kwa huruma, ajue anachosaini. Katika makosa ya mali ya thamani kubwa sheria inaweza kutaka nusu ya thamani iwekwe, fedha taslimu au hati ya mali isiyohamishika. Fedha hiyo hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Haiwekwi mkononi mwa mtu yeyote.

Yako makosa yasiyo na dhamana kabisa: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji fedha na mengine machache. Kifungu cha sheria kinachozuia dhamana kwa makosa hayo kilipingwa kwamba kinavunja Katiba. Mahakama Kuu ilikubaliana na aliyekipinga, lakini Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo 2020. Kwa hiyo wakili anayewaambia ndugu wa mtuhumiwa wa mauaji kwamba "dhamana tunaitafuta" anawala hela zenu.

Kila baada ya wiki mbili karandinga linamleta, anarudishwa. Kesi haisikilizwi?

Siku hizo ni za kutajwa, yaani kesi inaitwa na kupangiwa tarehe nyingine bila ushahidi kusikilizwa. Kutajwa na kusikilizwa ni vitu viwili. Uliza karani: tarehe ijayo ni ya kutajwa au ya kusikilizwa? Kama ni ya kutajwa, usifunge duka wala kukodi gari la mashahidi.

Kwa kesi ya mauaji iliyofunguliwa mahakama ya wilaya, hakimu hana mamlaka ya kuisikiliza. Ndiyo maana mshtakiwa huambiwa hatakiwi kujibu lolote. Upelelezi ukishakamilika, jalada linapanda Mahakama Kuu. Maneno "upelelezi haujakamilika" ndiyo yanayowachosha watu kuliko yote. Marekebisho ya 2022 yalilenga hapo hapo: kwa makosa ya kawaida mtu asifikishwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Makosa mazito yamebaki nje ya kanuni hiyo, na ndiyo yanayojaza mahabusu. Hili nalisema kama mtu anayewaona wake zao wakiuza viwanja.

Mahabusu wenzake wamemwambia "kiri yaishe". Ni kweli?

Inaisha, ndiyo. Inaisha vibaya. Akisema "ni kweli", mwendesha mashtaka atasoma maelezo ya kosa lilivyotendeka, na mshtakiwa ataulizwa kama anayakubali. Akiyakubali yote, anatiwa hatiani hapo hapo, na baadaye kwenye rufaa mlango unaobaki kwa kawaida ni wa kulalamikia adhabu tu. Akikubali kwa masharti, kwa mfano "ni kweli nilichukua pikipiki lakini niliazimwa", hilo si kukiri, na hakimu anatakiwa kuandika kwamba amekana. Asione aibu kusema hiyo "lakini".

Kitu kingine kabisa ni makubaliano ya kukiri kosa, yaliyoingia kwenye sheria 2019. Hayo ni mazungumzo kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka, yanaandikwa, na mahakama lazima ijiridhishe kwamba hakulazimishwa. Bila wakili, asiyaguse.

Hana wakili. Atamhojije shahidi?

Hapa ndipo kesi nyingi hufa. Shahidi akimaliza, hakimu humgeukia mshtakiwa: "Una swali?" Mshtakiwa anasema, "Sina, Mheshimiwa, anadanganya tu." Basi. Mahakama zetu zimeshaamua mara nyingi kwamba usipomhoji shahidi kwenye jambo la msingi, unahesabiwa umelikubali. Kuja kulikana siku ya utetezi ni kuchelewa.

Kosa la pili ni kuhutubia. Mshtakiwa anaanza kusimulia yeye alikuwa wapi, hakimu anamkatiza, naye anaona ameonewa. Hajaonewa. Zamu ya kusimulia itakuja. Sasa ni zamu ya maswali.

Tuseme shahidi amedai alimtambua usiku wakati wa wizi. Tangu kesi ya Waziri Amani ya 1980, mahakama hupima utambuzi wa namna hiyo kwa mambo yanayojulikana: mwanga ulikuwa wa nini na wa nguvu gani, umbali ulikuwa kiasi gani, alimwona kwa muda gani, alikuwa akimfahamu kabla au ndiyo mara ya kwanza. Basi aulize hayo hayo, moja moja. Taa ilikuwa ndani au nje? Hatua ngapi toka ulipokuwa wewe hadi nilipokuwa mimi? Ulikuwa umelala au umeamka? Nilivaa nini? Kisha lile ambalo wengi hawalijui: ulipofika kituoni, ulinitaja jina? Shahidi anayemfahamu mtu lakini asimtaje mapema kwa polisi au kwa majirani waliokuja kwenye yowe, ushahidi wake unayumba. Na asiulize swali asilojua jibu lake linaelekea wapi, wala asigombane. Shahidi akikasirishwa hukumbuka mambo mengi.

Ndugu mnaweza kumsaidia kwa kumwandikia maswali kwenye karatasi kabla ya tarehe. Anaruhusiwa kushika karatasi yake kizimbani.

Alipigwa kituoni akasaini. Sasa wanataka kuyatoa yale maelezo.

Maelezo ya onyo, yaani yale mshtakiwa aliyoandikishwa polisi, ni kielelezo kama kielelezo kingine. Kabla hakijapokelewa, hakimu atamuuliza mshtakiwa kama ana pingamizi. Hapo ndipo pa kusema "sikuyatoa kwa hiari yangu, nilipigwa". Mahakama itasimamisha kesi ya msingi na kufanya uchunguzi mdogo, ikiwasikiliza askari na mshtakiwa, ndipo iamue kuyapokea au kuyakataa. Akinyamaza, yanaingia. Kielelezo cha maandishi kikishapokelewa lazima kisomwe kwa sauti. Kisiposomwa, hiyo ni hoja nzuri ya rufaa.

Na PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu inayojazwa na daktari: ikipokelewa, mshtakiwa ana haki ya kuomba daktari aliyeijaza aje ahojiwe. Hakimu anapaswa kumwambia hivyo.

Nimeletewa samansi ya ushahidi. Naweza kukataa?

Huwezi. Ukipuuza, mahakama inaweza kutoa hati ya kukukamata. Kwa kawaida mume au mke halazimishwi kutoa ushahidi dhidi ya mwenzake, isipokuwa kwa makosa ya kujamiiana au yale yaliyomuumiza yeye mwenyewe au watoto. Kama unatishwa, mwambie mwendesha mashtaka au polisi mapema, maana kuna sheria ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi.

Wewe utakayekuwa shahidi usikae ndani ya chumba wakati wengine wakitoa ushahidi. Mama wa mshtakiwa huja kila tarehe, hukaa benchi la mbele, husikia yote, halafu siku ya utetezi ndiye shahidi wa pekee. Mwendesha mashtaka atalitumia hilo, na atakuwa na haki.

Na kama shahidi au mshtakiwa ni mtoto?

Shahidi wa umri wa miaka 14 au chini anaweza kutoa ushahidi bila kuapa, baada ya kuahidi mahakamani kwamba atasema ukweli na hatasema uongo. Ahadi hiyo isipoandikwa kwenye mwenendo, kesi ya ubakaji yenye ushahidi mzuri inaweza kuanguka kwenye rufaa. Mwendesha mashtaka asipoikumbuka, mzazi amkumbushe kabla ya kuingia.

Mshtakiwa aliye chini ya miaka 18 anapelekwa mahakama ya watoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009. Umma hauingii, mzazi na afisa ustawi wa jamii wanakuwepo. Kama polisi wamemwandikia miaka 19 na ana 16, nendeni na cheti cha kuzaliwa au kadi ya kliniki siku ya kwanza kabisa.

Bibi anajua Kisukuma tu.

Aseme mapema, apewe mkalimani. Kiziwi vilevile, apewe wa lugha ya alama. Mkalimani anakula kiapo na anatafsiri kinachosemwa, hatoi ushauri.

Hakimu amesema "ana kesi ya kujibu". Ina maana ameshamwona ana hatia?

Bado. Ina maana ushahidi wa mashtaka unatosha kumtaka ajitetee. Ana hiari tatu: kutoa ushahidi kwa kiapo, kutoa bila kiapo, au kukaa kimya. Anaweza pia kuita mashahidi wake. Kazi ya kuthibitisha pasipo kuacha shaka inabaki kwa Jamhuri mpaka mwisho. Utetezi wa kwamba hakuwepo eneo la tukio unatakiwa kutangazwa kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Ukichomekwa mwishoni, mahakama inaweza isiupe uzito wowote.

Aliachiwa asubuhi, akakamatwa tena hapo hapo nje ya mlango. Inawezekanaje?

Kwa sababu "kuachiwa" kuna namna mbili, na magazeti huzichanganya. DPP akiiondoa kesi, mshtakiwa anaachiwa, lakini anaweza kushtakiwa upya kwa jambo lile lile. Aliyeachiwa huru baada ya ushahidi kusikilizwa hashtakiwi tena kwa kosa hilo, ingawa Jamhuri inaweza kukata rufaa. Muulize karani neno lililoandikwa kwenye jalada kabla hamjachinja mbuzi.

Amefungwa. Rufaa inaanzia kwa nani?

Kama alihukumiwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, notisi ya kusudio la kukata rufaa itolewe ndani ya siku 10, na rufaa yenyewe iwasilishwe Mahakama Kuu ndani ya siku 45. Akiwa gerezani amwambie afisa magereza siku hiyo hiyo, fomu ziko kwao na wao ndio huzipeleka. Kutoka mahakama ya mwanzo kwenda ya wilaya ni siku 30. Kutoka Mahakama Kuu kwenda Mahakama ya Rufani, notisi ni ndani ya siku 30.

Muda wa kusubiri nakala za mwenendo na hukumu hauhesabiwi kwenye zile 45, lakini siku 10 za notisi hazisubiri nakala. Nakala ya hukumu mshtakiwa hupewa bure akiiomba. Andika barua kwa hakimu mfawidhi, yaani mkuu wa mahakama hiyo, iwe na namba ya kesi, ipeleke masjala, na urudi na nakala yako iliyogongwa muhuri wa tarehe.